Oti za kuoka kwa matunda ya huku kwetu Pwani: maji ya tunda, tui, na moto wa juu na chini

Bint_Langoni (Lamu), mwanzisha uzi

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Mahamri na mbaazi, vitumbua, mkate wa sinia, yote hayo tumeyaandika humu na hakuna anayeyaacha. Lakini siku ya skuli watu wanane wanataka kula kabla ya saa moja unusu, na kusimama juu ya karai saa hiyo kunamchosha mtu kabla siku haijaanza. Kwetu oti za kuoka ndizo zimeingia hapo. Unachanganya, unatia motoni, unakwenda kuwavisha watoto na kuwatafutia soksi, ukirudi chakula kimeshika. Kinakatwa vipande, kila mtu na chake, na aliyechelewa anakuta cha kwake.

Maelezo mengi ya chakula hiki yametoka Marekani, na matunda wanayotia wao ni matufaha na zile beri za nchi za baridi. Ukichukua vipimo vile vile ukatia embe lililoiva au nanasi, unatoa treya ya uji. Matunda yetu yana maji, na vipimo lazima vifuate tunda. Nafungua uzi kwa ajili ya hilo hasa, maana naona watu wanajaribu mara moja, wanakata tamaa, wanasema oti ni za kupika uji tu.

Vipimo vya watu sita, kikombe kikiwa cha mililita 250. Oti vikombe viwili, kama gramu 200 hivi, ziwe zile bapa nzima. Zile zilizosagwa za kuiva kwa dakika moja zinageuka donge. Bekingi pauda kijiko kimoja cha chai, chumvi nusu ya kijiko hicho, iliki ya kutwanga nusu, mdalasini kijiko kizima. Mayai mawili. Maziwa vikombe viwili. Sukari au asali robo kikombe. Samli au siagi iliyoyeyushwa vijiko viwili vikubwa. Matunda yaliyokatwa vikombe viwili. Korosho mkono mmoja, zivunjwevunjwe.

Vikavu changanya peke yake. Piga mayai, tia maziwa, sukari na samli, kisha mimina juu ya vikavu na ukoroge kwa mwiko. Usiogope kuona ni majimaji, oti zinakunywa. Treya paka samli. Urefu wa mchanganyiko ndani ya treya uwe vidole viwili, ukizidi vitatu katikati hapaivi. Oveni iwe imeshapata moto, nyuzi 180, au namba 4 kwa zile za gesi zenye namba. Dakika 40.

Sasa maji yenyewe. Katika gramu 100 za papai, kama 88 ni maji. Nanasi kama 86, embe kama 83, ndizi mbivu kama 75. Tende kavu haifiki hata robo. Kwa hiyo vile vikombe viwili vya maziwa nilivyotaja ni kipimo cha ndizi. Ukitia embe, toa robo kikombe. Nanasi au papai, toa nusu kikombe. Tende tupu bila tunda jingine, ongeza robo, kwa sababu tende zenyewe zinakunywa.

Embe usiliponde. Likate vipande vya ukubwa wa kucha ya kidole gumba, nusu uchanganye ndani na nusu upange juu. Vya juu vinakauka na kukoza rangi, na maji yake yanaondoka na mvuke badala ya kushukia katikati. Ngowe ndilo ninalolipenda kwa kazi hii, lile refu lenye mdomo uliopinda, kwa sababu nyama yake haina nyuzi na kipande kinabaki kipande.

Ikitoka motoni iache dakika kumi mpaka kumi na tano kabla ya kutia kisu. Hapo wanga wa oti bado unafyonza, na yai linamaliza kushika. Anayekata mara moja atasema haikuiva.

Karibuni maswali, na mwenye njia yake aseme.

MamaWawili (Malindi)

Waalaykum salaam dada, ahsante kwa kuandika kwa vipimo. Mimi nauliza tui. Watoto wangu mmoja maziwa ya ng'ombe yanamsumbua tumbo. Nikitia tui badala ya maziwa, juu panatoka mafuta yanaelea na chini panakuwa laini sana. Ni nazi yangu au ni moto?

Bint_Langoni

MamaWawili, si nazi wala si moto. Tui zito la kukamua mara ya kwanza lina mafuta mengi kuliko maziwa, na likikaa motoni bila kukorogwa mafuta yanajitenga. Tena tui halina protini nyingi kama maziwa, na protini ndiyo inayosaidia kushikamanisha. Fanya hivi: ikune nazi yako, kamua tui la kwanza uliweke kando. Tia maji ya uvuguvugu, kamua la pili. Kwa vikombe viwili vinavyotakiwa, tia la pili kikombe kimoja na nusu, na la kwanza nusu kikombe tu. Samli usitie kabisa, mafuta ya nazi yanatosha. Na mayai yawe matatu badala ya mawili, hapo chini patashika.

Lile tui zito lililobaki usilitupe. Lichemshe kidogo na sukari na iliki, na chembe ya chumvi, umwagie juu ya kipande wakati wa kula. Hapo mtu anakula kipande cha pili bila kuombwa.

MamaWawili

Nimekuelewa dada. Kumbe mayai matatu. Nitajaribu Jumapili inshallah nilete habari.

Kaka_Shela (Lamu)

Naomba nitoe dukuduku langu kwa heshima. Kwa nini tunahangaika na nafaka ya kununua kwenye pakiti, ambayo hata haistawi huku, wakati tuna wimbi, mtama na mchele? Pakiti ya oti inafika Mokowe kwa lori, inavuka kwa boti, inabebwa na punda mpaka dukani, na kila hatua bei inapanda. Nyumba ya watu kumi hiyo ni hesabu. Isije ikawa tunafuata tu kila kinacholetwa na wageni.

Bint_Langoni

Kaka, hoja yako ina uzito na sitaipuuza. Kweli oti hupenda baridi, huku kwetu hazistawi. Lakini hata ngano ya mahamri haioti Lamu, na hakuna anayesema mahamri ni ya wageni. Kwangu hesabu ni hii: gramu 200 zinalisha watu sita na wanakaa mpaka saa sita bila kulia njaa, mafuta ya kukaangia hayaguswi, na moto ni wa dakika 40 ambazo mtu anafanya kazi nyingine. Anayeweza apige hesabu yake mwenyewe, kwa bei ya duka lake.

Na kuchanganya kunawezekana. Vikombe viwili vya oti unaweza kuvifanya kimoja na nusu, ile nusu ukaijaza nazi iliyokunwa na ufuta uliokaangwa bila mafuta. Unga wa wimbi nao vijiko vitatu unakaa vizuri, rangi inakuwa nyeusi kidogo na ladha inakoza. Zaidi ya hapo unga unaanza kuwa keki.

Kaka_Shela

Hapo kwenye nazi na ufuta umenigusa. Nitamwambia mke wangu, na si kumwambia tu, nitamsaidia kukuna.

BiMkubwa_Mkomani (Lamu)

Wanangu, salamu kwenu nyote. Nimesoma tangu juu. Mnazungumza oveni, oveni, na nyumba nyingi za mji huu hazina. Sisi tumeoka mkate wa sinia na mkate wa mayai miaka yote kwa mkaa, na hizi oti zenu zinaiva kwa njia ile ile ya kupalia moto juu.

Chukua sufuria nzito yenye kitako kinene. Paka samli mpaka kwenye kuta. Mkaa uwashe mapema, uache ushike wote mpaka moshi umalizike na jivu jeupe lianze kufunika. Ndipo ugawe. Theluthi moja ibaki chini, na hiyo uitandaze pembeni pembeni, katikati pawe na nafasi. Theluthi mbili zipande juu ya mfuniko. Mfuniko uwe wa bati au wa alumini, ulio bapa, si wa kioo. Moto wa chini ukiwa mwingi kitako kinaungua kabla uso haujashika, hasa mkitia asali, maana asali inazama.

Dakika ishirini za kwanza usifunue. Kila ukifunua joto lote linaruka. Baadaye inua mfuniko kwa koleo, usogeze pua: ukisikia harufu ya mdalasini na samli imekuja juu, na kingo zimeachana na sufuria, chukua chelewa safi iliyooshwa uchome katikati. Ikitoka na unyevu bila uji, epua. Ikitoka na uji, rudisha, lakini punguza makaa mawili ya chini. Juu usipunguze.

Na jambo moja, msilichukulie vivi hivi. Nyumba zetu za mawe jiko lilikuwa likiwekwa juu, karibu na paa, ili moshi na joto vitoke. Siku hizi watu wanapika na mkaa kwenye vyumba vya chini vilivyofungwa. Mkaa ulioshika hauna moshi lakini una hewa ya sumu isiyo na harufu. Fungueni madirisha na mlango, na jiko lenye makaa lisilale ndani na watu.

Bint_Langoni

Shikamoo Bibi. Ahsante sana, hili la kutandaza makaa ya chini pembeni ndilo hasa nililotaka mtu mwenye uzoefu aliseme. Bibi, urefu wa mchanganyiko kwenye sufuria nao uwe vidole viwili?

BiMkubwa_Mkomani

Marahaba mwanangu. Kwa mkaa uwe kidole kimoja na nusu. Afadhali uoke mara mbili kuliko kujaza. Cha kwanza wakila watoto, cha pili kinaiva kwa moto uliokwisha kutulia, na mara nyingi hicho cha pili ndicho kizuri zaidi.

MpishiWaMambrui

Naongezea kwa wenye gesi bila oveni. Sufuria kubwa, ndani yake vijiwe vitatu vya kusimamishia au kigae, treya ndogo juu yake isiguse kitako, funika, na uzito juu ya mfuniko. Pasha sufuria tupu dakika kumi kwa moto wa kati ndipo uingize treya, kisha teremsha moto. Inachukua dakika 50 mpaka saa nzima. Uso hautakuwa mwekundu kama wa mkaa wa juu, utakuwa mweupe, lakini ndani panaiva. Wengine wanatia mchanga chini. Ukitumia mchanga uwe umeoshwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukaushwa, usichote tu ufuoni wenye chumvi na maganda.

Halafu nina swali kuhusu nanasi. Nikilitia bichi ndani ya maziwa, nikiacha usiku ili asubuhi nioke, asubuhi maziwa yamekatika na kuna uchungu. Mwenye kujua sababu?

Mjukuu_wa_Faza

MpishiWaMambrui, hilo nalijua vizuri. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachoitwa bromelaini, na papai lina chake, papaini. Kazi yake ni kukatakata protini. Ndiyo maana watu wanapaka papai kwenye nyama ngumu ilainike. Ndani ya maziwa hufanya kazi ile ile: protini za maziwa zinakatwa vipande vidogo, na baadhi ya vipande hivyo ni vichungu ulimini. Kadiri inavyokaa ndivyo uchungu unavyozidi. Na kwa kuwa yai nalo hushika kwa protini, kukaa usiku na nanasi bichi kunafanya hata kushika kuwe dhaifu.

Joto ndilo linaloua kimeng'enya. Kata nanasi, litie sufuriani bila maji, pika dakika tano mpaka saba huku likichemka katika maji yake lenyewe. Litoe, liache lipoe, ndipo ulichanganye. Faida ya pili ni kwamba maji mengi yameshakauka, kwa hiyo ile nusu kikombe ya kutoa kwenye maziwa unaweza kuifanya robo tu. Papai vivyo hivyo, ingawa papaini inavumilia joto zaidi, kwa hiyo lichemke kweli kweli, si kupashwa tu.

Kwenye makopo ya nanasi shida hii haipo, kwa sababu limeshapikwa kiwandani.

MpishiWaMambrui

Ahsante mno ndugu yangu. Kwa hiyo nanasi lipikwe jioni, liwekwe peke yake, maziwa yake peke yake, yakutane asubuhi.

Bint_Langoni

Ndivyo. Na kwa jumla kuandaa usiku kunafaa kwa masharti. Vikavu vichanganye usiku bila wasiwasi, hata vya juma zima kwenye chupa kavu. Vimajimaji vinataka friji. Kwa joto letu, hasa msimu wa kaskazi, mayai na maziwa yakilala nje ya friji hayafai tena. Na bekingi pauda isilowekwe usiku, inaanza kufanya kazi pale tu inapopata maji, na asubuhi itakuwa imechoka. Mimi nalowesha oti na maziwa tu kwenye friji, mayai na bekingi pauda vinaingia asubuhi. Oti zilizolala hivyo zinaiva haraka, dakika 30 zinatosha.

Nesi_Malindi

Habari zenu. Mimi ni muuguzi, na naona wengi wanapenda chakula hiki kwa sababu ya wazee wao wenye presha, kisukari na mafuta kwenye damu. Niseme yale yanayojulikana ili mtu asitegemee zaidi ya kilichopo.

Oti zina utomvu unaoitwa betaglukani, ule unaofanya uji wake uvutike. Unapunguza lehemu mbaya katika damu. Mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu pakiti za oti kuandikwa kwamba zinaweza kupunguza hatari ya maradhi ya moyo, kwa anayepata gramu 3 za betaglukani kila siku na ambaye chakula chake kwa jumla hakina mafuta mengi ya kuganda. Sasa gramu 100 za oti kavu zina kama gramu 4. Treya ya Bint_Langoni ni gramu 200 kwa watu sita, kila mmoja gramu 33, yaani betaglukani kama gramu 1.3. Si haba, lakini kipande kimoja hakifiki nusu ya kile kipimo. Na anayelenga moyo asitumie tui zito na samli, maana hayo ndiyo mafuta yenyewe ya kuganda. Atumie maziwa yaliyoondolewa mafuta na kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti.

Kwa mwenye kisukari: asali ni sukari, tende ni sukari, ndizi iliyoiva mpaka madoa ni sukari. Hazihesabiki kama dawa kwa sababu ni za asili. Oka kona moja ya treya bila kitu cha kutia utamu, tunda liwe kidogo, mapera yanafaa sana hapo. Kipande kiwe kimoja, pembeni yai la kuchemsha. Mwenye mashine apime saa mbili baada ya kula aone mwili wake unasemaje, na dozi ya dawa asiibadilishe bila daktari wake.

Na wenye watoto wachanga: asali isimguse mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata iliyookwa ndani ya chakula. Huweza kuwa na mbegu za kijidudu ambazo moto wa oveni hauziui, na tumbo la mtoto wa umri huo halina kinga nazo. Mtengeeni chake kisicho na asali.

MamaWawili

Nesi, ahsante sana dada, hilo la asali sikuwa nalijua na nina wifi yangu ana mtoto wa miezi tisa. Nampelekea ujumbe sasa hivi.

Bint_Langoni

Nashukuru sana Nesi. Kwa babu yetu hapa nyumbani nitafuata hiyo ya kona, nitaweka kijiti pale isije ikachanganyika wakati wa kukata.

Kijana_Kisumu_Ndogo (Malindi)

Salamu wakubwa. Mimi naishi na wenzangu wawili, hatuna friji, sufuria moja, jiko la gesi dogo. Ikibaki tunaweza kula jioni?

Mjukuu_wa_Faza

Mdogo wangu, kina yai, maziwa na tunda lenye maji, kwa joto la Malindi kinaharibika upesi. Kisikae nje zaidi ya saa mbili. Punguza vipimo: kikombe kimoja cha oti, yai moja, maziwa kikombe kimoja, ndizi mbili za kisukari. Kinawatosha watatu na hakibaki. Ukitaka kitu cha kukaa kwenye meza mpaka jioni, korosho na tende ndizo za kubeba.

Mwenye friji anakaa nacho siku tatu mpaka nne, kikiwa kwenye chombo kilichofunikwa. Kukipasha, tia kikaangoni na samli kidogo, kila upande dakika mbili. Kinapata ukoko, na kwangu mimi hapo ni kitamu kuliko kilivyotoka motoni.

Kijana_Kisumu_Ndogo

Sawa kaka, nimeshika. Ndizi zipi hasa? Sokoni ziko za aina nyingi.

MpishiWaMambrui

Kisukari ni tamu na ndogo, ponda mbili tatu na hutahitaji sukari. Mkono wa tembo usitumie mbichi, ni ngumu na haina utamu. Ikiiva mpaka ganda limekuwa jeusi, ikate mviringo upange juu, inaoka vizuri na haitoi maji mengi. Kwa ndizi tupu nakubaliana na vipimo vya mwanzisha uzi, usipunguze maziwa.

MamaWawili

Nimerudi kama nilivyoahidi. Tui la pili kikombe na nusu, zito nusu kikombe, mayai matatu, samli sikutia. Embe nilipunguzia robo kikombe kwenye tui la pili. Limeshika! Kisu kimetoka safi na hakuna mafuta juu. Mtoto amekula vipande viwili na tumbo limetulia. Kitu kimoja nilichoongeza mimi: arki ya vanila sikuwa nayo, nikatia kungumanga ya kukwaruza, kidogo sana, ncha ya kisu. Na embe na nazi inakaa vizuri.

Ramadhani ijayo nataka kuifanya kwa daku kwa tende. Tende zikatwe au zilowekwe?

Bint_Langoni

Mashallah dada, umenifurahisha kweli. Kungumanga naichukua.

Tende kwa daku: toa kokwa, kata kila moja vipande vitatu. Usiziloweke kwa maji mengi, mwagia tu maziwa ya moto nusu kikombe katika yale yale ya kwenye vipimo, ziache dakika kumi. Hapo zinalainika na utamu unaingia kwenye maziwa, na sukari huitii hata kijiko. Tende vikombe viwili ni nyingi mno, tia kimoja, na ufuta vijiko viwili. Chumvi ibakie nusu kijiko, usiongeze, kiu ya mchana ni ndefu.

Kaka_Shela

Mrejesho wangu na mimi. Tumefanya kwa mkaa kama alivyoeleza Bi Mkubwa, kidole kimoja na nusu, nusu kikombe ya oti tumetoa tukatia nazi na ufuta. Ukoko wa chini ulikuwa mwekundu bila kuungua hata mahali pamoja. Asali tuliyotia ni ile ya msituni ya Waboni, nyeusi, ina harufu ya moshi kidogo, robo kikombe tuliona kali tukatia vijiko vitatu. Bi Mkubwa, ahsante na Mungu akuzidishie afya.

BiMkubwa_Mkomani

Amin mwanangu. Asali hiyo ni nzito, ipashe kidogo na samli kabla ya kuitia, itaenea kote.

Mwenyeji_wa_Maulidi (Lamu)

Samahani kuingia mwishoni. Wakati wa Maulidi nyumba yetu inalaza wageni, asubuhi huwa watu ishirini na zaidi. Nina oveni ya gesi yenye rafu mbili. Nikizidisha vipimo mara nne nitie kwenye treya moja kubwa?

Bint_Langoni

La ndugu yangu, usitie kwenye moja. Vipimo zidisha mara nne lakini gawa treya nne, kila moja vidole viwili, uoke mbili mbili. Bekingi pauda nne, sawa. Iliki na mdalasini tia tatu tu, viungo vikizidishwa sawasawa kwa wingi huo vinakuwa vikali. Treya mbili zikiwa ndani, moto wa oveni ya gesi hutoka chini, kwa hiyo ya chini itatangulia kuungua kitako na ya juu itabaki nyeupe. Zibadilishane nafasi dakika ya 25, na uongeze dakika kumi kwa jumla kwa sababu oveni imejaa.

Zile mbili za kwanza zikitoka, zifunike kitambaa safi wakati za pili zinaoka. Zitakuwa bado na joto wageni wakishamaliza kunawa. Kwa watu wa mbali ambao hujui tumbo zao, tia ndizi na tende, nanasi liache.

Mwenyeji_wa_Maulidi

Nimenakili yote kwenye daftari la jikoni. Treya mbili ninazo, mbili nitaazima kwa jirani.